Je, Wajua? Roketi za Vita, Roketi za Elimu na Anga ya Makorora

Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023, kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya Falcon 9 iliondoka katika kambi ya kijeshi ya Vandenberg, California, ikiwa imebeba mizigo 51. Ndani yake ilikuwamo Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi. Ilikuwamo İMECE ya Uturuki, yenye kamera kali inayotumikia jeshi na raia. Ilikuwamo pia CIRBE, setilaiti ndogo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, iliyokwenda kupima mikanda ya mnururisho inayoizunguka dunia. Askari, mkulima na mtafiti walisafiri katika chombo kimoja.

Hivyo ndivyo ilivyo tangu binadamu alipoanza kurusha vyombo angani. Jeshi na elimu vimekuwa vikigawana roketi, fedha na hata uvumbuzi. Wengi wetu huku Tanga tunaona hayo ni mambo ya Wamarekani na Warusi, kumbe pwani yetu imo katika habari hii tangu kurasa za mwanzo. Haya hapa machache ambayo kila mtu wa Makorora, hapa mjini Tanga, anastahili kuyajua.

Je, wajua kuwa jukwaa la kurushia roketi liko karibu na Tanga kuliko Arusha?

Mbele ya Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini ya Malindi nchini Kenya, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini. Moja ni San Marco, ambalo roketi zilirukia. Jingine ni Santa Rita, lililokuwa jukwaa la kuchimbia mafuta kabla ya kugeuzwa kuwa kituo cha kuongozea urushaji. Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka Makorora, San Marco iko umbali wa takriban km 270. Arusha, kwa kipimo hichohicho, iko zaidi ya km 320.

Aliyeuasisi mradi huu ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, mhandisi aliyekuwa pia ofisa wa Jeshi la Anga la Italia. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana: NASA itatoa roketi za Scout na mafunzo, Waitalia watatengeneza setilaiti na kujenga majukwaa. Setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili, San Marco 2, iliruka kutoka bahari ya Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967.

Kati ya mwaka huo na 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo: 4 za Italia, 4 za Marekani na 1 ya Uingereza. Zote 9 zilifika angani salama. Vituo vingi vikubwa vya dunia haviwezi kujisifu hivyo.

Je, wajua kwa nini walikuja mpaka kwetu?

Dunia hujizungusha kuelekea mashariki. Aliyesimama kwenye ikweta anabebwa nayo kwa mwendo wa karibu km 1,670 kwa saa. Makorora, iliyo nyuzi 5 kusini ya ikweta, inabebwa kwa zaidi ya km 1,660 kwa saa. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, mwendo huo unapungua. Abiria akiruka kutoka kwenye daladala ambayo haijasimama, mwili wake unaendelea kwenda mbele na mwendo wa gari. Roketi inayoruka kuelekea mashariki kutoka ikweta nayo inaondoka na mwendo wa dunia, ikapunguza mafuta ya kuchoma au ikabeba mzigo mzito zaidi.

Sababu ya pili ni bahari. Roketi hujivua vipande njiani. Scout ilikuwa na hatua nne, na kila hatua iliyomaliza fueli yake iliachwa nyuma. Mashariki ya Ngomeni kuna Bahari ya Hindi tupu, hivyo vyuma vilianguka majini mbali na watu.

Sababu ya tatu iliwavutia zaidi wanasayansi. Kuna eneo kati ya Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika ambako mikanda ya mnururisho inashuka karibu na dunia. Setilaiti ikipita humo, vipimo vyake vinavurugika. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo inapata muda mrefu wa kuangalia nyota bila usumbufu.

Je, wajua kuwa setilaiti iliyofungua elimu ya mashimo meusi ilirukia pwani ya Waswahili?

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Siku hiyohiyo Scout iliruka kutoka San Marco ikiwa na setilaiti ya NASA yenye uzito wa takriban kilo 140. Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu na ya wenyeji waliowapokea.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, kwa hiyo huwezi kuiona ukiwa chini hata uwe na darubini kubwa kiasi gani. Kabla ya 1970 watafiti walitegemea roketi ndogo zilizochungulia nje ya hewa kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilikaa juu. Ilijigeuza taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikilipekua anga kipande kwa kipande mpaka Machi 1973.

Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kuwa kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kina dalili zote za shimo jeusi, yaani gimba lenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Ariel 5 ya Waingereza iliyofuata Oktoba 1974, nayo kutoka Ngomeni, iligundua mwaka 1975 mlipuko wa eksirei uliopewa jina A0620-00. Baadaye ikathibitika kuwa hapo nako kuna shimo jeusi.

Je, wajua kuwa fedha za jeshi ndizo zilizoianza elimu hiyo ya eksirei?

Tarehe 18 Juni 1962 Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, uwanja wa majaribio ya makombora wa Jeshi la Marekani. Gharama zililipwa na Jeshi la Anga. Azma iliyoandikwa ilikuwa kuangalia kama mwezi unatoa eksirei kwa kupigwa na miale ya jua. Katika dakika chache za kupima, vyombo vikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: chanzo kikali cha eksirei kilicho mbali kabisa nje ya mfumo wa jua letu. Kinaitwa Scorpius X-1. Bila majibu ya siku ile, Uhuru isingejengwa.

Je, wajua kuwa Uhuru haikupita utosini pa Makorora hata mara moja, lakini nyingine inapita?

Njia ya setilaiti kuizunguka dunia huitwa obiti. Obiti ya Uhuru iliinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta, kwa hiyo setilaiti hiyo haikuvuka latitudo ya Malindi kuja kusini. Ilipokaribia Tanga zaidi, ilikuwa inapita juu ya mahali palipo km 230 hivi kaskazini yetu.

NuSTAR, darubini ya NASA ya eksirei iliyorushwa tarehe 13 Juni 2012, imeinama nyuzi 6. Tanga iko nyuzi 5 kusini, hivyo imo ndani ya ukanda wake. Chombo hicho kinachochunguza mashimo meusi makubwa katikati ya makundi ya nyota hupita juu ya anga yetu. Na data zake huteremshwa wapi? Malindi, katika kituo ambacho leo kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio.

Mwendo wa setilaiti za obiti ya chini ni karibu km 7.6 kwa sekunde. Kutoka juu ya Tanga hadi juu ya Dar es Salaam zinatumia sekunde 25 hivi. Basi la asubuhi linatumia saa tano au sita.

Je, wajua kuwa roketi ileile ya Ngomeni iliwahudumia wanamaji wa vita?

Scout iliyobeba Uhuru ilikuwa pia punda wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kutoka Vandenberg ilipeleka angani setilaiti nyingi za Transit, zilizokuwa zikizionyesha nyambizi zenye makombora ya nyuklia mahali zilipo baharini. Nahodha asiyejua alipo hawezi kulenga shabaha, ndiyo maana jeshi lililipia.

Wazo la Transit lilitokana na udadisi wa wanasayansi. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, watafiti wawili wa maabara moja huko Maryland, William Guier na George Weiffenbach, waliisikiliza redioni. Wakaona masafa ya sauti yake yanapanda ikikaribia na kushuka ikienda zake. Kwa kupima mabadiliko hayo waliweza kuikokotoa njia yake yote. Ndipo likaja swali la kinyume: kama njia ya setilaiti inajulikana, je, msikilizaji hawezi kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Inawezekana, na meli za kiraia nazo ziliruhusiwa kuitumia Transit kuanzia 1967.

Mrithi wake ni GPS, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa tarehe 22 Februari 1978. Hiyo nayo ni mali ya jeshi la Marekani mpaka leo. Kwa miaka mingi ishara ya raia ilipotoshwa makusudi ili isiwe sahihi sana. Upotoshaji huo ulikomeshwa mwanzoni mwa Mei 2000 kwa agizo la Rais Bill Clinton. Tangu hapo mvuvi anayetoka Tanga kwenda kutafuta mwamba wake wa changu anaweza kuurudia akiongozwa na simu, na bodaboda anaifuata ramani hadi mlangoni pa mteja. Wote wawili wanatumia chombo kilichobuniwa kwa ajili ya vita.

Je, wajua kuwa Zanzibar iliwahi kuzungumza na mwanaanga?

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Roketi iliyompeleka ilikuwa Atlas, kombora la masafa marefu lililobuniwa kubeba bomu la nyuklia. Safari hiyo, sehemu ya mradi wa Mercury, ilihitaji vituo vya redio vilivyosambaa duniani ili daktari na mafundi wamsikie rubani kila anapopita. Kimoja kilikuwa Kano, Nigeria. Kilichofuata kwa upande wa mashariki kilikuwa Unguja, eneo la Tunguu.

Kituo cha Tunguu hakikurusha roketi. Kilikuwa na antena na mashine za kupokea vipimo. Lakini wakati ule wa harakati za kudai uhuru, watu wengi Unguja walikitilia shaka. Vyama vya siasa vilikipinga hadharani, vikihofu kuwa kingekivuta kisiwa katika ugomvi wa mataifa makubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani waliondolewa, na mwaka huohuo kituo kikafungwa.

Hofu ile haikuwa ya kijinga. Wananchi hawakushirikishwa uamuzi ulipofanywa, na roketi yenyewe ilitoka ghalani mwa jeshi. Anayejenga kituo cha anga katika nchi ya watu ana wajibu wa kuwaeleza wenyeji kwa uwazi kinafanya nini na kina faida gani kwao.

Je, wajua kuwa Kongo nayo ilirusha roketi?

Mwaka 1977 kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilianza majaribio katika jimbo la Shaba, yaani Katanga, kwenye nyanda za juu za bonde la mto Luvua. Serikali ya Rais Mobutu iliikodishia eneo la takriban km za mraba 100,000. Lengo lilikuwa roketi ya bei nafuu, iliyofungwa kwa mabomba mengi ya aina moja, ili kurusha setilaiti kibiashara.

Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu. Kwa wakati huo nchi jirani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zikilalamika kwamba hapo panaandaliwa makombora. Mwaka 1979 Mobutu akaisimamisha kazi hiyo. Tatizo lao lilikuwa lilelile la Tunguu: roketi ya setilaiti na kombora vinafanana kiasi kwamba jirani hawezi kukaa kwa amani kwa kuambiwa tu.

Je, wajua kuwa setilaiti za kijasusi ziligundua milipuko mikubwa kuliko yote angani?

Mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, majini na anga za juu. Kila upande ulihofia udanganyifu. Oktoba mwaka huohuo Marekani ikarusha setilaiti za kwanza za Vela, zenye vyombo vya kunasa miale ya gama inayotoka bomu linapolipuka.

Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti za Vela zilinasa mpigo wa miale ya gama usiofanana na bomu lolote. Ikaja mingine. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos walilinganisha saa ambazo kila setilaiti ilipata ishara, wakagundua kuwa miale haikutoka duniani wala kwenye jua. Walitangaza matokeo mwaka 1973. Leo tunajua kuwa milipuko hiyo hutokea nyota kubwa sana zinapokufa au nyota za nyutroni zinapogongana, mbali mno na sisi.

Tarehe 20 Novemba 2004 NASA ilirusha setilaiti ya Swift kwa ajili ya kuiwinda milipuko hiyo. Kituo chake kikuu cha mawasiliano ya ardhini ni Malindi. Uvumbuzi ulioanzia kwenye shaka ya maadui wawili umeishia kusomwa kwa antena iliyosimama katika mchanga wa pwani ya Afrika Mashariki.

Antena hizohizo zilikuwa kazini tarehe 25 Desemba 2021, darubini ya James Webb ilipoondoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kuipokea sauti yake ilipoanza safari ya km milioni 1.5.

Je, wajua kwa nini dishi moja la Makorora limelala na jingine limesimama?

Pita mitaani Makorora uangalie mapaa. Dishi la DStv uso wake unatazama juu kana kwamba linangoja mvua. La Azam TV limesimama zaidi na kuelekea magharibi. Mafundi hawakukosea.

Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, km 35,786 kutoka ardhini. Kwenye kimo hicho zinamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo kwetu zinaonekana hazisogei. Setilaiti inayoleta DStv Afrika Mashariki iko kwenye nyuzi 36 mashariki. Tanga iko nyuzi 39. Ni kama iko utosini, imesogea kidogo tu kaskazini-magharibi. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea, hivyo fundi analielekeza dishi upande jua linakozama na kuliinua mpaka karibu nusu ya anga.

Huko London madishi husimama kabisa, kwa sababu kwao ikweta iko chini sana upande wa kusini. Sisi watu wa karibu na ikweta ndio wenye setilaiti juu ya vichwa. Hata mvua kubwa inapokata picha, faida hiyo ipo: mawimbi yanayoshuka karibu wima yanapita katika hewa na mawingu kwa njia fupi zaidi.

Je, wajua kuwa kimbunga Hidaya kilionekana kabla hakijafika?

Mapema Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwatahadharisha watu wa pwani kuhusu kimbunga Hidaya. Tarehe 4 Mei kikatua Mafia. Boti za kwenda Zanzibar zilikuwa zimeshasimamishwa, na wavuvi walikuwa na muda wa kuvuta vyombo vyao.

Picha za kimbunga kikijikusanya baharini hutoka kwenye setilaiti za hali ya hewa. Mojawapo ni Meteosat ya Ulaya iliyosimama kwenye nyuzi 45.5 mashariki juu ya ikweta, inayopiga picha ya nusu nzima ya dunia kila baada ya dakika 15. Mwaka 1952 kimbunga kikali kiliipiga Lindi, miaka 5 kabla ya setilaiti ya kwanza kuwapo. Watu wa wakati ule hawakuwa na jicho kama hilo. Mvuvi wa leo analo, mradi tangazo limfikie na aliamini.

Je, wajua kuwa mabaki ya roketi yaliangukia kijiji cha Kenya?

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Hakuna aliyejeruhiwa. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi kilichotakiwa kuungua hewani au kuanguka baharini.

Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara yake. Mkataba huohuo unakataza kuweka silaha za nyuklia katika obiti, lakini haukatazi setilaiti za kijasusi. Ndiyo maana Italia, iliyojenga San Marco kwa ajili ya sayansi, tangu 2007 inaendesha pia setilaiti za COSMO-SkyMed, ambazo wizara yake ya ulinzi na shirika lake la anga hutumia kwa pamoja. Rada zake huona usiku na kupitia mawingu. Kifaru cha vita na kijiji kilichofunikwa na mafuriko vyote huonekana.

Je, wajua kuwa majirani zetu kadhaa wamesharusha setilaiti?

Kenya ilianza na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Rwanda ikafuata na RWASAT-1 mwaka 2019, na Uganda na PearlAfricaSat-1, iliyoachiwa Desemba 2022 baada ya kutengenezwa Japani na wahandisi vijana wa Uganda. Ni vijisetilaiti vidogo, lakini kila kimoja kiliacha nyuma watu waliojua kukijenga. Kwa Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mwaka 2023 kuwa nchi inajiandaa kurusha ya kwake.

Tukumbuke CIRBE, iliyosafiri na Taifa-1. Baada ya dhoruba kubwa ya jua ya Mei 2024, kisanduku hicho kidogo kiligundua mikanda miwili mipya ya mnururisho iliyojitokeza kwa muda kuizunguka dunia. Mwaka 1971 setilaiti nyingine, Explorer 45, ilitumwa kuchunguza athari za dhoruba za aina hiyo. Nayo ilirukia Ngomeni.

Je, wajua kuwa mwanafunzi wa Makorora anaweza kuanza leo?

Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha pwani yetu kila baada ya siku chache, zikionyesha kitu chenye upana wa mita 10. Picha hizo hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Picha za Landsat za Marekani nazo ni bure tangu 2008, na hazina yake inarudi nyuma hadi 1972. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulinganisha mikoko ya Mkinga na Pangani ya mwaka huu na ya miaka 30 iliyopita, akaona wapi imekatwa na wapi imerudi. Kijiji kinachodai mikoko yake kitakuwa na ushahidi mkononi.

Ukitaka kuona chombo chenyewe, toka nje jua likishazama au kabla ya kupambazuka. Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita, utaona nuru kali isiyopepesa, ikikata anga kwa dakika chache. Programu za simu zinakuambia siku na saa.

Kwa zaidi ya miaka 60 pwani hii imetoa ikweta, bahari na ardhi ya kusimika antena. Wengine wametoa elimu, ndiyo maana uvumbuzi ukaandikwa kwa majina yao. Setilaiti ya Vela ilikuwa ya jeshi, lakini iliingia katika historia ya sayansi kwa sababu walikuwapo watu waliojua kuzisoma namba zake na kuuliza swali sahihi. Tanga ina shule, ina vijana wenye hamu, na data ziko wazi. Walimu wa hisabati, fizikia na jiografia wakiziingiza darasani, setilaiti ya Tanzania itakaporuka haitakosa mtu wa Makorora wa kuisoma.